Baba haponi miguu: je, tumwongezee dawa ya mzunguko wa damu iliyotoka Muscat?

BARUA

Ndugu Mfamasia,

Nakusalimu kwa heshima, wewe pamoja na wasomaji wote wa safu hii. Ninaandika kwa niaba ya baba yangu mzazi, mzee wa miaka 68, ninayeishi naye hapa Ngamiani, Tanga. Ujana wake aliutumia kwenye mashamba ya mkonge, kisha akahamia kazi za bandarini hadi alipostaafu. Ana kisukari cha muda mrefu na presha, na kwa maradhi hayo anatumia metifomini na amlodipini, pamoja na aspirini ndogo ya miligramu 75 kila siku. Sigara ameivuta tangu ujana. Sasa amepunguza, lakini hajaacha.

Tangu mwaka jana, akitembea kwenda msikitini, mashavu ya miguu yanamkaza na kumuuma, hasa la mguu wa kushoto. Analazimika kusimama kwenye baraza ya duka la jirani, maumivu yanatulia baada ya dakika chache, kisha anaendelea. Zamani alikuwa akisimama mara moja njiani. Siku hizi anasimama mara mbili kabla hajafika, na sala ya alfajiri ameanza kuisalia nyumbani kwa kuogopa kuchelewa jamaa. Daktari wa kliniki moja ya binafsi alimpapasa miguu, akasema damu haifiki vizuri huko chini, akamwandikia dawa ambayo kwenye pakiti imeandikwa Pentoxifylline 400 mg, kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Ametumia kwa wiki tatu sasa na hatuoni mabadiliko, isipokuwa kichefuchefu na kizunguzungu. Vidonge ni vikubwa na vinamkwama kooni, kwa hiyo mama humsagia kwa kijiko na kumchanganyia kwenye uji mwepesi wa asubuhi, kabla hajala kitu kingine. Kwa ajili ya kichefuchefu tumemnunulia omeprazoli dukani, na anaimeza kila siku.

Kaka yangu anayefanya kazi Muscat amepata mtu wa kumpa mzigo, ametuma maboksi mawili ya dawa iliyoandikwa Cilostazol 100 mg. Anasema mtu wa famasi huko amemhakikishia kwamba hiyo ndiyo dawa yenye nguvu zaidi kwa mishipa ya miguu, naye anasisitiza baba aanze mara moja bila kuiacha ile ya kwanza, ili zisaidiane. Mama kwa upande wake anamkanda miguu kwa maji ya moto kila usiku, na jirani ametushauri tumpe vitunguu saumu vibichi asubuhi na jioni.

Maswali yangu ni haya. Je, tumpe dawa zote mbili kwa pamoja? Kwa nini ile ya kwanza haimsaidii? Na je, ipo dawa inayoweza kuzibua mishipa kabisa, hata kama ni ya gharama, ili tujipange kama familia?

Nisisahau jambo moja, ingawa huenda halihusiani. Usingizi wake umekuwa wa tabu. Analalia mito mitatu, maana akilala chali anasema pumzi zinamkata, na jioni miguu yote miwili inamvimba hadi alama za kandambili zinabaki kwenye ngozi. Sisi tumeona ni uzee.

Wako,
Binti wa Ngamiani, Tanga

JIBU

Dada yangu,

Mfikishie mzee shikamoo yangu, na mama vilevile. Uniwie radhi nikianza na jambo uliloliweka mwisho wa barua, kwa sababu katika yote uliyoyaandika hilo ndilo lililonishtua. Mzee analalia mito mitatu, akilala chali anakosa pumzi, na jioni miguu yote miwili inavimba. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hapana. Msimpe silostazoli hata kidonge kimoja, wala nusu yake kwa kujaribu, mpaka daktari awe amempima moyo na kutamka mwenyewe kwamba moyo huo unasukuma damu inavyopaswa.

Dalili hizo zikikutana kwa mtu mwenye kisukari, presha na sigara ya miaka mingi, uzee hautoshi kuzieleza. Moyo unapochoka kusukuma damu, maji hujaa mwilini. Mchana hushuka miguuni, na usiku mtu akijilaza hurudi juu hadi kwenye mapafu, ndiyo sababu hutafuta mto wa pili na baadaye wa tatu. Ni kweli kwamba amlodipini peke yake huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, na wazee wengi wanaoitumia wanalifahamu hilo, lakini amlodipini haimlazimishi mtu kulala ameegama. Sisemi kwamba mzee ana ugonjwa wa moyo kushindwa kazi, kwa kuwa sijamwona na sijamgusa. Ninachosema ni kwamba dalili ulizozitaja zinatosha kuizuia dawa moja na kuviharakisha vipimo.

Silostazoli ni dawa halali na ina manufaa kwa anayeistahili. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1999 kwa ajili ya watu wenye maumivu ya namna hii hii ya mzee. Hutanua mishipa ya damu na kuzuia chembe sahani, yaani zile chembe ndogo za damu zinazoigandisha, zisishikane. Lakini tangu hapo imebeba lile onyo kali kuliko yote linalowekwa kwenye karatasi za dawa nchini humo, kwamba isitumiwe na mtu yeyote ambaye moyo wake umeshindwa kazi, hata kama ugonjwa huo bado ni mdogo. Onyo hilo lina historia ya kusikitisha. Silostazoli huzuia kimeng'enya kinachoitwa fosfodiesterasi ya 3, na kabla yake ilikuwapo dawa nyingine ya ukoo huo, milrinoni, ambayo ilijaribiwa kwa njia ya vidonge kwa wagonjwa 1,088 wenye moyo ulioshindwa vibaya. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991, na yalionyesha kwamba vifo miongoni mwa waliopewa milrinoni vilizidi kwa asilimia 28 vile vya wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Wasimamizi wa dawa hawakusubiri kuona kama silostazoli nayo ingefanya hivyo. Walifunga mlango mapema, na kwa maoni yangu walifanya vema.

Hata kama moyo wa mzee ungekutwa mzima, bado lingebaki suala la omeprazoli mliyomnunulia. Dawa hiyo huzuia ini lisiivunje silostazoli kwa kasi yake ya kawaida, kiwango chake katika damu kikapanda, na ndiyo maana anayetumia zote mbili hupunguziwa hadi miligramu 50 mara mbili kwa siku, yaani nusu ya kidonge kilichomo kwenye maboksi yenu kila mara. Huko Ulaya, mwaka 2013, mamlaka ya dawa ilikaza masharti zaidi: apewe yule tu ambaye kuacha sigara na kufanya mazoezi havikumtosheleza, asipewe kabisa anayetumia kwa pamoja dawa mbili za kuzuia chembe sahani, mathalani aspirini na klopidogreli, na baada ya miezi mitatu daktari amwangalie upya ili aiache dawa ikiwa haijamfaa. Kaka yako ametuma dawa kwa mapenzi, na msimlaumu. Mtu wa famasi aliyezungumza naye aliulizwa kuhusu miguu, akajibu kuhusu miguu. Habari ya mito mitatu hakuambiwa.

Nawaomba mzee aonwe wiki hii. Kwa hapo Tanga, hospitali ya rufaa ya mkoa ya Bombo ni mahali pa kuanzia, na daktari atakayemwona akihitaji uchunguzi wa ndani zaidi anaweza kumpa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoko Muhimbili, Dar es Salaam. Ombeni apimwe umeme wa moyo na kile kipimo cha mawimbi ya sauti ambacho wengi tunakiita eko, kwa kuwa hicho humwonyesha daktari moyo ukipiga na nguvu unayosukumia damu. Ikitokea kabla ya hapo mzee akakosa pumzi hata akiwa amekaa, au akasikia kifua kinambana, msingoje asubuhi. Mpelekeni usiku huohuo.

Sasa niirudie miguu yenyewe. Maumivu yanayokuja kwenye shavu la mguu mtu akitembea, yakakoma dakika chache akisimama, kisha yakarudi akitembea umbali uleule, mara nyingi hutokana na ateri, yaani mishipa inayopeleka damu miguuni, ambayo kuta zake zimejaa mafuta na chokaa hadi njia ikawa nyembamba. Misuli iliyotulia hutosheka na damu kidogo, lakini inayotembea hudai damu mara nyingi zaidi, na isipoipata huuma. Mgongo unaobana neva nao huleta maumivu yanayofanana na hayo, lakini mwenye tatizo hilo hapati nafuu kwa kusimama tu, sharti akae au ainame mbele. Na neva zilizoharibiwa na kisukari huunguza nyayo hata mtu akiwa amelala kitandani. Habari ya baraza ya duka imenifanya nielekee kwenye ateri, kama alivyoelekea daktari wenu.

Kupapasa mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo cha ndani ni mwanzo mzuri, ila kipo kipimo kisicho na maumivu ambacho kingefaa kifuate. Mgonjwa hulazwa, hupimwa presha ya mikono na ya vifundo vya miguu kwa msaada wa kifaa kidogo cha kusikilizia damu, kisha presha ya kifundo hugawanywa kwa ile ya mkono. Jibu la mtu asiye na ugonjwa huo huwa kati ya 1.00 na 1.40, na likishuka chini ya 0.90 ugonjwa wa ateri za miguu huwa umethibitika. Kwa wenye kisukari cha muda mrefu kuna hadhari moja, nayo ni kwamba ateri za kifundo huweza kukakamaa kwa chokaa kiasi cha mkanda wa presha kushindwa kuzibana, hesabu ikapanda kupita 1.40 na kuonyesha usalama ambao haupo. Hapo daktari hupima presha ya kidole gumba cha mguu. Muulizeni juu ya hilo, msione haya.

Kuna jambo ambalo familia nyingi huambiwa kwa haraka, au haziambiwi kabisa, nami nataka ulielewe vizuri kuliko yote. Mafuta na chokaa haviwi kwenye ateri za miguu peke yake. Anayekutwa navyo mguuni mara nyingi anavyo pia kwenye mishipa ya moyo na ile inayopanda kichwani, na wagonjwa wengi wa aina hii hawakatwi mguu; kinachowaondoa ni shambulio la moyo au kiharusi. Kwa hiyo mguu wa mzee unatoa taarifa ya mwili mzima, na tiba inayolenga kumfikisha msikitini bila kusimama, ikasahau moyo na ubongo, ni tiba ya nusu.

Nikija kwenye pentoksifilini, naona sababu ya kichefuchefu imo ndani ya barua yako, kwenye kile kijiko cha mama. Vidonge hivyo vimetengenezwa vitoe dawa polepole kwa saa nyingi, na ndiyo maana pakiti nyingi huwa na herufi SR au ER kando ya jina. Kikisagwa, miligramu zote 400 hufunguka kwa mara moja na kuingia mwilini kwa kishindo, tena kwenye tumbo lisilo na chakula; mzee hupata kichefuchefu, kizunguzungu, pengine kichwa kuuma na moyo kwenda mbio, kisha dawa huisha mwilini mapema kabla wakati wa kidonge kinachofuata haujafika. Mwambie mama, kwa upole maana alikuwa akimsaidia mumewe, kwamba kidonge hiki hakisagwi, hakivunjwi wala hakitafunwi. Mzee akimeze kizima pamoja na chakula au mara tu baada ya kula, akiwa amekaa wima, kwa glasi ya maji. Kama bado kinamkwama, daktari aambiwe abadilishe tiba, kuliko kuiharibu dawa iliyopo. Na ikiwa kichefuchefu kitakoma baada ya marekebisho hayo, huenda hata omeprazoli haina kazi tena; mwulizeni daktari kama ana sababu ya kuendelea nayo.

Wiki tatu pia ni muda mfupi. Dawa hii, ambayo iliidhinishwa Marekani mwaka 1984, haifungui njia iliyoziba. Hufanya chembe nyekundu za damu zijikunje kwa wepesi zaidi zinapopenya kwenye mishipa myembamba, na hupunguza uzito wa damu. Anayenufaika huanza kuhisi tofauti baada ya wiki mbili hadi nne, na kwa kawaida hushauriwa kufika wiki nane kabla ya kuihukumu. Kwa kuwa mzee ameitumia ikiwa imesagwa, sioni kama jaribio lake limeanza kwa haki.

Hata hivyo, ningekuwa nakuficha kitu kama nisingekueleza kwamba manufaa yake, hata ikitumiwa vizuri, ni madogo. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililowahusisha wagonjwa 698 kwa wiki 24, wengine wakipewa silostazoli, wengine pentoksifilini na wengine vidonge visivyo na dawa. Waliotumia silostazoli waliongeza umbali wa kutembea kwa takribani mita 107. Waliotumia pentoksifilini waliongeza mita 64, na waliomeza vidonge vitupu mita 65. Kwa sababu ya matokeo ya namna hiyo, mwongozo wa madaktari wa moyo wa Marekani wa mwaka 2016 haukuipendekeza tena pentoksifilini kwa maumivu haya. Bado madaktari wengi huiandika, wakati mwingine kwa sababu nzuri kabisa, kwamba mgonjwa aliye mbele yao hawezi kupewa ile nyingine, na inawezekana daktari wenu aliona jambo hilo. Haiwafai wote wala si mbaya kwa wote. Nisingependa familia yenu iweke matumaini yote, na fedha zote, kwenye kidonge hicho.

Kwa mwenye kisukari kuna swali moja la lazima: macho ya mzee yamechunguzwa lini? Pentoksifilini haipewi mtu ambaye karibuni amevuja damu ndani ya jicho au kwenye ubongo, na kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa midogo ya nyuma ya jicho bila mwenyewe kujua. Isitoshe, dawa hii ni ya jamii moja na kafeini na theofilini, kwa hiyo anayedhurika na hizo asiitumie, na anayetumia theofilini kwa ajili ya pumu sharti daktari ajue, kwa kuwa kiwango chake katika damu huweza kupanda. Hali kadhalika kwa anayetumia warifarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa sababu ya hatari ya kutokwa damu, na kwa anayepewa siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, ambayo huiongeza pentoksifilini mwilini. Inaweza pia kuishusha presha kidogo zaidi na kuongeza nguvu ya dawa za sukari, hivyo kizunguzungu cha mzee kipimwe kwa mashine ya presha na ya sukari wakati anapokisikia, badala ya kukisia.

Umeuliza kuhusu dawa ya kuzibua mishipa kabisa. Haipo, dada yangu, kwa bei yoyote, na yeyote atakayewauzia kitu kwa jina hilo, kiwe kidonge cha ng'ambo au chupa ya mitishamba, msimpe fedha yenu. Ateri ikiwa imebana sana, wapo wataalamu wanaoweza kuipanua kwa puto dogo linalopitishwa ndani yake, au kuihamisha damu kwa mshipa mwingine kwa upasuaji, lakini hilo huamuliwa baada ya vipimo, na wagonjwa wengi wa hatua ya mzee hawalihitaji.

Kuna dawa moja ambayo sikuiona kwenye orodha yako na ningetamani ningeiona, nayo ni ya jamii ya statini, kama atovastatini. Watu huijua kama dawa ya kolesteroli na huiacha wakiambiwa kolesteroli imeshuka. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa ateri kazi yake inazidi hapo, maana hutuliza kuta za mishipa na kupunguza shambulio la moyo na kiharusi, hata kama kipimo cha mafuta hakikuwa kibaya sana. Iulizeni. Aspirini aendelee nayo mpaka daktari aseme vingine, na kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu iliyopita kifanywe ikiwa ni muda mrefu tangu kilipofanywa.

Kuhusu sigara sitamung'unya maneno. Kila moja anayowasha huibana mishipa ambayo tayari ni myembamba, na kupunguza idadi si sawa na kuacha. Najua mtu aliyevuta tangu enzi za mkonge haachi kwa kukemewa na watoto wake. Mwambieni ukweli kwamba hakuna kidonge katika hivi tunavyovijadili kinachoweza kushindana na sigara, na daktari aombwe msaada wa kuacha kama anavyoombwa msaada wa presha. Wajukuu wasitumwe tena dukani kumnunulia.

Tiba inayovipita vidonge hivi vyote kwa maumivu ya kutembea, na ambayo watu wengi hawaamini nikiwaambia, ni kutembea kwenyewe. Ila ianze baada ya daktari kuuangalia moyo na kuruhusu, si kabla. Akisharuhusiwa, mzee atembee kwa mwendo wake hadi maumivu yafike kiasi cha wastani, asiyakimbie yanapoanza tu wala asiyavumilie mpaka yamzidi. Asimame au akae hadi yaishe kabisa, kisha aendelee. Mzunguko huo wa kutembea na kupumzika uchukue kama dakika 30 mwanzoni, ukiongezwa taratibu hadi 45 au 50, angalau siku tatu kwa wiki, kwa muda usiopungua wiki 12. Misuli hujifunza kutumia vizuri zaidi damu kidogo inayoipata, na kuta za mishipa hupata uhai. Barabara za Ngamiani zimenyooka na ni tambarare, mabaraza ya kupumzikia yapo kila hatua, kwa hiyo njia ileile ya msikitini inaweza kuwa uwanja wake wa mazoezi, asubuhi kabla jua halijawa kali. Mtu mmoja wa nyumbani aandamane naye siku za mwanzo.

Kukanda kwa maji ya moto kukome leo. Mtu mwenye kisukari huweza kuwa amepoteza hisia za nyayo, akaungua bila kusikia, na jeraha kwenye mguu usiopata damu ya kutosha hukataa kupona. Mama amwoshe kwa maji ya uvuguvugu ambayo ameyajaribu kwa kiwiko chake mwenyewe, amfute hadi katikati ya vidole, kisha aangalie nyayo na visigino kila jioni kama kuna mchubuko, lengelenge au rangi iliyobadilika. Kandambili zibadilishwe kwa viatu vilivyofunika vidole, na mzee asitembee peku hata uani. Vitunguu saumu vibaki kwenye mchuzi. Kwa mtu anayetumia aspirini na pentoksifilini, kuvila vibichi kwa wingi kama dawa huongeza uwezekano wa kutokwa damu, na havimwongezei hatua barabarani.

Mkiona kidonda kisichofunga kwa wiki mbili, kidole kinachogeuka cheusi, au maumivu ya unyayo yanayomwamsha usiku na kutulia akiuning'iniza mguu kando ya kitanda, msingoje tarehe ya kliniki. Na mguu ukipoa ghafla, ukapauka, ukafa ganzi na kushindwa kusogea, hiyo ni dharura ya kuhesabu saa, kwani misuli isiyopata damu huanza kufa ndani ya saa sita hivi.

Siku mtakapokwenda hospitali, tieni dawa zote katika mfuko mmoja zikiwa ndani ya pakiti zake, pamoja na omeprazoli na yale maboksi mawili yaliyotoka Muscat ambayo hayajafunguliwa. Andikeni kwenye karatasi ni mito mingapi anayolalia na tangu lini, anatembea hadi wapi kabla hajasimama, na anavuta sigara ngapi kwa siku, kisha mzee mwenyewe aisome karatasi hiyo na kuikubali kabla haijamfikia daktari. Ikiamuliwa kwamba silostazoli haimfai, msimpe jirani mwenye miguu inayouma, hata akiomba. Zikabidhini kwa mfamasia wa hospitali hapohapo.

Mfamasia wenu